Kushuka Intracoastal Waterway Majani Yakianza Kupukutika: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila ifikapo Septemba maswali ni yale yale. Mlingoti wangu utapita chini ya madaraja? Ni lazima nitoke bahari kuu? Nitafika Florida baada ya siku ngapi? Wanaouliza wengi ni wenzetu waliohamia pwani ya mashariki ya Marekani, wakanunua boti iliyotumika kwa bei nafuu, na sasa baridi inabisha hodi. Nimeamua kuyaandika majibu mahali pamoja, ili atakayeuliza mwakani nimpe huu asome.

Intracoastal Waterway, ambayo wenyewe huiita ICW, ni mlolongo wa mito, hori na mifereji ya kuchimbwa unaopita nyuma ya visiwa vya mchanga vya pwani ya Atlantiki. Maili sifuri iko Norfolk, Virginia. Miami ni karibu maili 1,090. Maili hizi ni za nchi kavu, zile za kilomita 1.6, si za baharini, na hapo ndipo hesabu za wengi huanza kwenda kombo. Bahari kuu huhitaji kuigusa. Unachohitaji ni kujua saa: saa ya maji kujaa, saa ya daraja kufunguka, saa ya jua kuzama. Kama umewahi kupita Mkanda, nyuma ya kisiwa cha Manda kule Lamu, ukakaa kusubiri maji yajae ndipo chombo kipite, nusu ya mwongozo huu unaijua tayari.

Saa nimeziandika kwa Kiswahili. Ratiba za madaraja zimeandikwa kwa Kizungu, kwa hiyo 10:00 ya kwenye ratiba ni saa 4 asubuhi yako.

Kabla hujafungua kamba

- *Urefu wa chombo juu ya maji.* Madaraja yasiyofunguka yamejengwa kwa futi 65 (mita 19.8) maji yakiwa yamejaa. Wilkerson, North Carolina, linajulikana kuwa na futi 64, na Julia Tuttle la Miami lina 56 tu. Pima mwenyewe, pamoja na antena na taa ya juu. Karatasi ya muuzaji usiiamini.
- *Kina cha chombo chini ya maji.* Kwenye karatasi, njia ina kina cha futi 12 hadi Fort Pierce na 10 kutoka hapo hadi Miami. Majini, mchanga hausomi karatasi. Chombo kinachozama futi 5 au chini ya hapo kinapita kwa raha. Cha futi 6 kinapita kwa kuchagua saa.
- *Injini.* Hata ukiwa na tanga, sehemu kubwa ya njia utakwenda kwa injini. Beba chujio za dizeli za akiba, mkanda wa injini, na impela (kigurudumu kinachosukuma maji ndani ya pampu) pamoja na spana ya kuifungulia.
- *Redio ya VHF.* Simu ya mkononi haitoshi. Mwendesha daraja hana namba yako.
- *Ramani.* Ramani rasmi za NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa, siku hizi ni za kielektroniki. Weka kwenye tableti, na nyingine kwenye simu kama akiba. Pakua pia vipimo vipya vya kina vya Jeshi la Wahandisi (US Army Corps of Engineers), ndio wanaochimba na kutunza njia.
- *Nanga nzuri na mnyororo wa kutosha.* Hesabu yake iko hatua ya 9.
- *Dafrao nne au zaidi* za kuning'iniza ubavuni boti isigonge ukuta, na kamba ndefu mbili za kwenye loki (loki ni nini, soma hatua ya 3).
- *Karatasi.* Usajili, bima, na cheti cha mafunzo ya uendeshaji boti. Florida na North Carolina zinakitaka kwa aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1988 au baadaye.
- *Jaketi za kuokoa maisha*, moja kwa kila mtu, za saizi yake. Ya mtu mzima haimfai mtoto.
- *Choo chenye tangi.* Kumwaga majini humu kinyesi kisichosafishwa ni kinyume cha sheria. Marina nyingi zina pampu ya kunyonya tangi.
- *Nguo za baridi.* Novemba alfajiri, kwenye usukani ulio wazi, glavu si anasa. Na tafadhali: jiko la mkaa lisiingie ndani ya boti, hata kwa dakika kumi. Hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Nunua kengele ya kaboni monoksidi, bei yake ni ndogo.

Hatua kwa hatua

1. Chagua tarehe. Msimu wa vimbunga wa Atlantiki ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na kampuni nyingi za bima hazikuruhusu kushuka kusini ya mstari fulani kabla ya mwanzoni mwa Novemba. Soma mkataba wako kwanza, mstari huo hutofautiana. Kwa wengi, kuondoka Norfolk kati ya katikati ya Oktoba na wiki ya kwanza ya Novemba ndiko kunakofaa. Ukichelewa zaidi, baridi inakukuta njiani na siku zimekuwa fupi.

Hesabu ya siku ni hii. Mwendo wa noti 6 ni karibu maili 7 za nchi kavu kwa saa. Panga maili 50 kwa siku, basi. Fernandina Beach, mji wa kwanza wa Florida, uko karibu maili 716, yaani siku 15 za kwenda. Ongeza siku za kukaa kwa ajili ya upepo, mvua na uchovu: wiki tatu hadi nne. Atakayekwambia kafika kwa siku tisa ana boti ya kasi au hakulala.

2. Chagua mfereji wa kutokea Norfolk. Ziko njia mbili. Virginia Cut ni pana, ina kina, na ina loki moja, Great Bridge. Dismal Swamp Canal ni nyembamba, ina kina cha futi 6 hivi, miti imeinama pande zote mbili, na ina loki mbili: Deep Creek na South Mills. Kabla ya kuichagua ulizia kama iko wazi, maana huweza kufungwa kwa ukame, magogo au mafuriko. Baada ya Kimbunga Matthew cha Oktoba 2016 ilifungwa kwa zaidi ya mwaka.

Chombo kikiruhusu, mimi nakushauri Dismal Swamp. Mfereji huo ulianza kuchimbwa mwaka 1793 na kufunguliwa 1805, kwa mikono ya watumwa waliosimama kwenye tope. Kinamasi ambacho mfereji unakikatiza kilikuwa maficho ya watumwa waliotoroka. Moses Grandy, aliyezaliwa mtumwa Camden County, aliendesha boti za mizigo humo na alilipia uhuru wake mara tatu ndipo akaupata, kwa sababu mabwana wawili wa kwanza walichukua pesa na kumdhulumu. Maji yake ni meusi kama chai ya rangi kwa sababu ya majani na mizizi, na pembezoni kuna vigogo vilivyozama. Kaa katikati na uende polepole.

3. Pita loki bila papara. Loki ni chumba cha maji chenye milango miwili: unaingia, mlango unafungwa nyuma yako, maji yanapandishwa au kushushwa, kisha mlango wa mbele unafunguka. Great Bridge tofauti ya maji ni ndogo. Zile za Dismal Swamp ni kama futi 8: Deep Creek inakupandisha, South Mills inakushusha.

Ning'iniza dafrao pande zote kabla hujaingia. Kamba ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma) zizungushwe kwenye nguzo ya ukutani na mwisho wake urudi mkononi mwako. Onyo: usizifunge zikakaza. Maji yakishuka na kamba imefungwa, boti inaning'inia ubavuni mwa ukuta, na hapo ni kisu tu. Kila kamba na mtu wake.

4. Vuka Albemarle Sound asubuhi. Hapa ndipo wageni wengi wanapoogopeshwa. Ni hori pana la North Carolina na kina ni kifupi, hivyo upepo wa noti 20 unainua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayopiga moja baada ya jingine bila nafasi ya kupumua. Majira haya upepo mkali huja na mkupuo wa baridi: unavuma kutoka kusini, mvua inapita, kisha unageuka ghafla kuwa wa kaskazini magharibi. Usivuke siku ya mgeuko. Ngoja Elizabeth City ambako kuna gati za bure, au Great Bridge ambako unaruhusiwa kulala bure usiku mmoja. Upepo ukishuka chini ya noti 15, nenda.

Jambo jingine: huku kaskazini maji hayajai na kupwa kwa mwezi, yanafuata upepo. Kaskazini ikivuma siku mbili, hori la Currituck hupungua kina. Jedwali la maji halitakwambia hilo, angalia nguzo za gati.

5. Soma alama. Ukielekea kusini, pembe tatu nyekundu ziwe kulia kwako na miraba ya kijani kushoto. Kanuni hiyo inakutosha mpaka ICW itakapoungana na mto unaokwenda baharini, ambapo rangi hugeuka. Mfano ni Cape Fear River: ukitoka Snow's Cut kwenda Southport unashuka na mto, kwa hiyo nyekundu zinahamia kushoto. Ukikazania "nyekundu kulia" utapanda fungu la mchanga.

Dawa yake ni alama ndogo ya njano iliyobandikwa juu ya kibao. Pembe tatu ya njano ni ya kuwekwa kulia, mraba wa njano ni wa kushoto, bila kujali rangi ya kibao chenyewe. Kibao chekundu chenye mraba wa njano kiache kushoto. Mkuu wa alama za ICW ni njano.

6. Panga siku kuanzia mwisho. Mwanzoni mwa Novemba saa za Marekani zinarudishwa nyuma, na Norfolk jua huzama saa 11 jioni na dakika chache. Anza na swali: saa 10 jioni nitakuwa nimetia nanga wapi? Kisha rudi nyuma: daraja gani liko kabla ya hapo, linafunguka saa ngapi, na sehemu ya kina kifupi nitaifikia maji yakiwaje. Saa ya kuondoka itajitokeza yenyewe.

Chukua madaraja mawili ya karibu na Wilmington, North Carolina. La Figure Eight Island hufunguka saa kamili na nusu saa. La Wrightsville Beach, maili 5 mbele, hufunguka saa kamili tu. Kwa noti 6 maili hizo ni kama dakika 44. Ukipita la kwanza saa 4:00 asubuhi, unafika la pili saa 4:44 na kusubiri robo saa. Ukipita la kwanza saa 4:30, unafika saa 5:14 na kuzunguka pale hadi saa 6:00 mchana, mkondo ukikusukuma kwenye nguzo. Ratiba hubadilika, hakiki kabla ya kuondoka, lakini hesabu yenyewe ndiyo hiyo kila mahali.

Kambi ya wanamaji ya Camp Lejeune nayo iingize kwenye hesabu. Wakifanya mazoezi ya risasi za kweli wanaifunga njia kwa saa kadhaa, na boti zao za doria zitakusimamisha.

7. Zungumza na daraja. Virginia na North Carolina tumia chaneli 13. South Carolina, Georgia na Florida, chaneli 9. Taja jina la daraja kwanza, jina la chombo chako, unaelekea wapi, na uombe lifunguliwe. Kiingereza chepesi kinatosha. Redio ikikataa, piga honi moja ndefu na moja fupi. Likijibu hivyo hivyo, linafunguka. Likijibu honi tano fupi, rudi nyuma usubiri.

Kwa daraja refu lisilofunguka, soma kibao cha namba kilicho kwenye nguzo karibu na maji: namba inayoguswa na uso wa maji ndiyo nafasi iliyopo sasa hivi. Bamvua za Oktoba na Novemba South Carolina na Georgia huwa kubwa, na daraja la futi 65 linaweza kukuonyesha 63. Mwenye mlingoti wa futi 64 asubiri maji yapwe mpaka kibao kionyeshe zaidi ya 64.

8. Pishana kistaarabu, na pita kina kifupi maji yakijaa. Boti ya kasi ikikufuata nyuma, itakuita redioni ikiomba kukupita taratibu. Kubali, kisha *punguza mwendo kabisa*. Wengi hushindwa hapa: wanaendelea na noti 6, yule naye analazimika kwenda noti 9 ili apite, na wimbi lake linamwaga sufuria zao. Ukishuka hadi noti 3, atapita kwa noti 5 na chai yako itabaki kikombeni.

Sehemu zinazojaa mchanga ni zile njia inapokatana na milango ya bahari, kama Lockwoods Folly na Shallotte, na kwa Georgia ni Hell Gate, Little Mud River na Jekyll Creek. Zipite maji yakiwa yamefika nusu *yakijaa*. Ukigusa, maji yanayokuja yatakunyanyua. Ukigusa maji yakipwa, utakaa hapo saa kadhaa boti imelala ubavu.

Kaskazini ya Socastee, kwenye eneo la Myrtle Beach, kuna kipande cha njia kilichochongwa kwenye mwamba, wenyewe wanakiita Rock Pile. Pale kugusa si mchanga. Kabla ya kuingia tangaza redioni na usikilize kama kuna boti ya kuvuta inayokuja na matishari ya mizigo, maana hamtapishana. Baada ya hapo unaingia Waccamaw River, na hapo usikimbie: miti ya misaiprasi imesimama majini majani yakiwa rangi ya kutu, na kina ni kingi. Ndicho kipande kizuri kuliko vyote, kwa maoni yangu, hata ukilinganisha na Florida yote.

9. Tia nanga kwa hesabu. Georgia maji hupanda na kushuka futi 6 hadi 9, makubwa kuliko kokote kwingine njia hii, kwa sababu pwani imejikunja na maji yanabanwa humo. Tuseme umefika maji yakiwa yamepwa, kina ni mita 2.5. Yatapanda mita 2.5. Omo yako iko mita 1.2 juu ya maji. Jumla 6.2, zidisha mara 5, teremsha mita 31 za mnyororo. Upepo ukitarajiwa, zidisha mara 7, mita 43. Aliyehesabu kina cha jioni peke yake ataamka boti imehama.

Mkondo ukigeuka, usiku chombo nacho kinageuka. Acha nafasi ya duara zima, na uwashe taa nyeupe ya nanga.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuwa na ratiba ya ndege. Mtu amekata tiketi ya kurudi kutoka Jacksonville tarehe fulani, kwa hiyo anavuka Albemarle siku isiyofaa. Tiketi inunuliwe baada ya kufika.

Kufuata mstari wa kwenye tableti kama reli. Mstari ulichorwa kabla ya dhoruba ya mwisho; boya likiwa mahali pengine, amini boya.

Kufuata boti iliyo mbele. Hujui inazama futi ngapi, na pengine nayo inafuata nyingine.

Kutembea gizani. Neuse River na sehemu za Florida kuna madema ya kaa kila upande, na vyelezo vyake ni vidogo kama nazi. Mchana unavikwepa, usiku unavikusanya.

Ukipata shida

*Umepwelewa.* Toa gia mara moja. Usikanyage mafuta kwenda mbele, unajichimbia. Kumbuka kina kilikuwa wapi dakika iliyopita, jaribu kurudi nyuma njia uliyojia, huku ukiangalia joto la injini maana pampu itanyonya mchanga. Haikutoka? Wahamishie watu ubavu mmoja boti ilale kidogo, mkuku (uti wa chini ya boti) uinuke. Bado? Peleka nanga ndogo kwa dingi (kimashua cha boti) upande wa kina, vuta. Maji yakijaa, tulia. Yakipwa, ita kampuni ya kuvuta boti, kama TowBoatUS au Sea Tow. Uanachama wa mwaka lipia kabla ya safari. Walinzi wa Pwani wako chaneli 16 kwa hatari ya maisha, si kwa kukuvuta kwenye tope.

*Joto la injini linapanda.* Zima, tia nanga, kisha fungua chujio cha maji ya kupoozea. Majira haya huwa limejaa majani, na ukitoka Dismal Swamp, magugumaji madogo ya kijani. Likiwa safi, angalia impela.

*Injini inanguruma lakini boti haiendi, au inatetemeka.* Pengine ni kamba ya dema kwenye pangaboi. Zima injini na utoe ufunguo kabla ya yeyote kuweka mkono majini. Usizamie penye mkondo. Subiri maji yatulie au ita msaada.

*Ukungu alfajiri.* Maji bado yana joto, hewa imepoa. Using'oe nanga. Mara nyingi huondoka saa 3 au 4 asubuhi jua likipanda.

*Nanga inaburura.* Ongeza mnyororo kwanza. Ikiendelea, washa injini, ing'oe, anza upya mahali pengine hata kama ni saa 8 usiku.

*Omo imeota masharubu ya kahawia.* Ni rangi ya maji ya kinamasi, kila boti huyapata. Sabuni haitoi. Juisi ya ndimu au limau hutoa. Paka, acha dakika chache, sugua, suuza vizuri kwa maji baridi. Ukipaka juani inakauka kabla haijafanya kazi, kwa hiyo paka kivulini.